Kamera ya Mtumba: Fedha Weka Kwenye Lenzi

Canon EOS 5D ilipoingia sokoni mwaka 2005 iliuzwa Marekani kwa dola 3,299, bodi tupu bila lenzi. Walioimudu walikuwa wapiga picha wa harusi, wa magazeti, na wenye nazo. Leo bodi hiyohiyo, kama bado ni nzima, haifiki bei ya simu mpya ya daraja la kati. Picha inayotoa haijapungua chochote. Rangi, uangavu wa uso wa mtu, namna mandhari ya nyuma inavyofifia taratibu, vyote ni vilevile vilivyowafanya watu waichangie fedha miaka ishirini iliyopita.

Makala haya nawaandikia wanaotaka kupiga picha kwa kujifurahisha: mwalimu mwenye Jumamosi yake, karani, mwanachuo, bibi anayetaka kuwapiga wajukuu picha zinazoeleweka. Anayetafuta tenda za harusi asome kwingine. Mtu aliyelipwa hana ruhusa ya kukosa picha ya pete, kwa hiyo anahitaji kamera ya akiba, kadi mbili zinazorekodi kwa pamoja na fokasi isiyopapasa gizani. Wewe ukikosa picha ya leo utarudi kesho, na ndiyo maana kamera ya mtumba inakufaa wewe kuliko yeye.

Kwanza tumalize suala la megapikseli, maana ndilo linalowatisha wengi. Nikon D40 ya mwaka 2006 ina megapikseli 6.1 tu, yaani picha ya nukta 3,008 kwa 2,000. Ukiichapisha kwa ubora wa studio, nukta 300 kwa kila inchi, unapata karatasi ya sentimita 25 kwa 17, ambayo ni kubwa kuliko fremu nyingi zilizotundikwa kwenye sebule zetu. Televisheni ya Full HD ina nukta milioni mbili na kidogo, na ukiituma picha kwa WhatsApp inapunguzwa tena. Megapikseli nyingi zinamsaidia anayechapisha mabango, au mwenye mazoea ya kukata kipande kidogo cha picha na kukikuza. Kamera zilizotoka kuanzia mwaka 2008 hivi, nyingi zikiwa na megapikseli 12 na kuendelea, zinamtosha mpiga picha wa raha kwa maisha yake yote.

Simu nayo isidharauliwe. Kwa video, kwa picha ya usiku ya haraka, au pale mbingu inapong'aa na ardhi iko gizani, simu ya kisasa itaishinda kamera yako ya zamani mchana kweupe, kwa sababu inapiga picha kadhaa kwa mpigo na kuziunganisha yenyewe. Video ni udhaifu mkubwa zaidi: Nikon D90 ya 2008, kamera ya kwanza ya aina yake kurekodi video, inaishia 720p. Kinachoifanya kamera iendelee kutamaniwa ni kitu kingine. Ina kihisi kikubwa, yaani kile kipande kinachopokea mwanga, na inakubali kubadilishwa lenzi. Unamvuta mtu karibu kwa kioo halisi, si kwa kukuza nukta. Ukibonyeza, inapiga saa ileile. Na kwa kuwa haina ujumbe unaoingia wala mtandao wa kukuita, nusu saa ya kupiga picha inabaki kuwa nusu saa ya kupiga picha.

Sasa fedha. Mtu mwenye bajeti ndogo akiingia dukani huuliza bodi gani ni kali zaidi, kisha kinachobaki mfukoni kinanunua lenzi yoyote iliyopo. Geuza utaratibu huo. Chukua bodi ya kawaida, hata ya daraja la chini, na uweke fedha kwenye lenzi moja nzuri. Bodi inashuka thamani kila mwaka, lenzi nzuri inashuka polepole mno, na siku ukibadili bodi lenzi inahama nawe.

Tuichukulie lenzi inayokuja na kamera nyingi, ile zumu ya 18-55. Mchana inafaa kabisa, wala usiitupe. Lakini ukiivuta hadi 55 tundu lake haliwezi kufunguka zaidi ya f/5.6. Lenzi ndogo ya milimita 50 isiyo na zumu inafunguka hadi f/1.8, na hiyo inaingiza mwanga zaidi ya mara tisa. Hebu tuione sebuleni, saa mbili usiku, chini ya taa moja ya dari: kwa ile zumu kamera itahitaji sehemu moja ya kumi ya sekunde, na mtoto akigeuza kichwa tu uso umevurugika. Kwa ile ya 50 unapata karibu sehemu moja ya mia, mtoto anacheka na picha imetulia. Hakuna bodi mpya itakayokupa tofauti hiyo kwa fedha hizo. Canon EF 50mm f/1.8 II, iliyotoka mwaka 1990, ni plastiki hadi pale inapofungia, na fokasi yake inalia kama kinanda kibovu. Picha zake hazina neno. Toleo la STM la mwaka 2015 limejengwa vizuri zaidi na halipigi kelele. Ukiikuta hiyo kwa nyongeza ndogo, lipa nyongeza.

Jambo moja la kuzingatia: kamera nyingi za bei nafuu zina kihisi kidogo kuliko filamu ya zamani ya milimita 35, kwa hiyo lenzi ya 50 inaona kwa wembamba, kana kwamba ni ya 75 kwenye Nikon au 80 kwenye Canon. Kwa uso wa mtu ni nzuri sana. Kwa chumba chenye watu wanane utajikuta unarudi nyuma hadi umegonga ukuta. Anayependa kupiga familia ndani ya nyumba atafute ya 35 f/1.8 kwa Nikon, au ile bapa ya Canon ya 24 f/2.8.

Kwa nini lenzi hizi ziko nyingi sokoni? Mwaka 2018 Nikon na Canon zote zilianza mifumo mipya ya kamera zisizo na kioo cha ndani, zenye mdomo tofauti wa kufungia lenzi. Wataalamu wengi walihama, na vya zamani vinauzwa. Hasara yao ni faida yako, mradi ujue nini kinaingia wapi.

Kwa Canon mambo ni mepesi. Lenzi yoyote ya EF, hata ya mwaka 1987 mfumo ulipoanza, inafanya kazi yote kwenye kamera yoyote ya kidijitali ya EOS yenye kioo cha ndani. Tahadhari ni herufi moja: lenzi za EF-S zimetengenezwa kwa kihisi kidogo na hazifungi kwenye 5D wala ndugu zake. Nikon ina mtego wake. Mdomo wake ni wa tangu mwaka 1959, na muuzaji atakwambia kwa kujiamini kwamba kila lenzi ya Nikon inaingia. Kuingia, nyingi zinaingia. Lakini D40, D60, na zile za familia ya D3000 na D5000 hazina mota ya fokasi ndani ya bodi. Ukiweka lenzi ya zamani iliyoandikwa AF tu, badala ya AF-S, utazungusha fokasi kwa mkono. D70, D80, D90 na D7000 zina mota hiyo. Ndiyo maana, mtu akiniuliza Nikon gani ya mtumba aanze nayo, namtajia D90: ina mota, inaona moja kwa moja kwenye skrini, na betri yake, EN-EL3e, ndiyo iliyotumika pia kwenye D80, D200, D300 na D700, kwa hiyo haijapotea madukani. Pentax nazo ni kamera za maana, na tangu K100D na K10D za mwaka 2006 nyingi zina kitulizi cha mtikisiko ndani ya bodi, lakini kwetu lenzi zake ni za kubahatisha. Usijifunge kwenye mfumo ambao jirani yako hawezi kukuazima hata chaja.

Wapo wanaopenda lenzi za skrubu za enzi za filamu, kama Helios 44 ya Kisovieti ya milimita 58. Raha yake ipo, kwa wenye subira. Kwenye Canon unaweka pete ya adapta na kazi imekwisha. Kwenye Nikon, umbali kutoka mdomo wa lenzi hadi kihisi ni mkubwa zaidi, milimita 46.5 badala ya 44 za Canon, kwa hiyo adapta tupu haikubali fokasi ya mbali: uso wa mtu utaupata, mlima hutaupata.

Tufike dukani. Usinunue kamera ambayo hujaishika mkononi, iwe ni Kariakoo, Luthuli au kwa mtu uliyempata kwenye kundi la WhatsApp. Picha za tangazo zinaonyesha bodi iliyofutwa vumbi, basi. Nenda mchana, nenda na kadi yako ya kumbukumbu, na ikiwezekana na kompyuta.

Lenzi ndiyo ya kuanza nayo. Itoe kwenye bodi, fungua vifuniko vyote viwili, washa tochi ya simu upande mmoja na uchungulie upande wa pili ukiigeuzageuza. Chembe za vumbi si neno. Kila lenzi iliyotumika inazo na hazionekani kwenye picha. Unachotafuta ni nyuzi nyembamba za kijivu zinazoanzia pembeni mwa kioo zikielekea katikati. Hiyo ni fangasi. Pwani yote, kuanzia Lamu hadi Mtwara, ndiyo adui mkubwa wa lenzi. Fangasi ikiwa changa picha bado zitatoka, ila mwanga wa jua ukiingia ubavuni picha inapauka. Ikikomaa inakula hata ile rangi laini iliyopakwa juu ya kioo, na kuisafisha hakurudishi kilicholiwa. Mimi siichukui hata kwa nusu bei. Baada ya hapo zungusha pete ya zumu na ya fokasi: zikwame popote, au zisage kama zina mchanga, iache. Kwenye Canon piga picha moja lenzi ikiwa wazi kabisa, nyingine kwa f/8. Visu vya ndani vikiwa vibovu, ya kwanza inatoka na ya pili inakataa, na skrini inaandika Err na namba yake.

Halafu bodi. Weka kasi ya juu kabisa ya shata, 1/4000 kama ipo, upige kuelekea angani. Picha ikitoka na mkanda mweusi juu au chini, shata inakufa na fundi wake atakugharimu kuliko kamera. Shusha kasi hatua kwa hatua, piga kila moja. Elekeza kamera kwenye mbingu nyeupe au ukuta usio na mapambo kwa f/16, kisha ukuze picha kwenye skrini uitembeze kona zote. Madoa ya kijivu ya mviringo ni vumbi juu ya kihisi, linapulizwa kwa mpira wa hewa na kwisha. Mstari usiobadilika ni mchubuko, na huo hautoki. Funika lenzi, weka ISO 800, acha shata wazi sekunde kadhaa: nukta mbili tatu nyekundu au za buluu ni za kawaida kwa umri huo, anga nzima ya nyota hapana. Kwa kamera zinazotumia kadi za CF, mulika ndani ya mlango wa kadi. Mle mna sindano nyembamba zilizopangwa safu mbili, na moja tu ikipinda kwa mtu aliyelazimisha kadi, kamera haisomi kitu.

Muuzaji atapenda kukwambia kamera imepiga picha chache. Kwenye Nikon unaweza kumhakiki, kwa sababu idadi hiyo imeandikwa ndani ya faili la kila picha na programu za bure zinaisoma. Canon nyingi za miaka hiyo haziandiki, hadi uunganishe kamera yenyewe na kompyuta. 5D ilikadiriwa kufikisha picha 100,000, D700 picha 150,000. Hayo ni makadirio ya kiwanda. Ziko zilizopita mara mbili na ziko zilizogoma mapema. Kwa 5D ya kwanza kuna la ziada: kioo chake cha ndani kilijulikana kwa kubanduka gundi, hata Canon yenyewe ikawa inazirekebisha bila malipo. Kiguse? Usikiguse. Kitazame kwa tochi kama kimekaa sawasawa.

Mwisho wa ukaguzi, pindua kamera usome namba yake ya chini, na udai risiti yenye namba hiyo na jina la muuzaji. Vifaa vya picha huibwa sana kwenye magari na kwenye kumbi, na siku mwenyewe akiitambua, karatasi hiyo ndiyo itakayokutetea. Muuzaji anayekataa kuandika namba ya kamera amekujibu swali ambalo hukumuuliza.

Kadi na betri huwa zinasahaulika hadi mtu afike nyumbani. Kadi za SDHC zilianza mwaka 2006. Kamera nyingi za kabla ya hapo zinasoma SD ya kawaida tu, mwisho wake GB 2, na ndogo kama hizo sasa zinasakwa. Kamera za 2007 hadi 2009 nyingi zinakubali hadi GB 32. Ukiweka ya 64 zinakutazama tu. Nunua ya 16 au 32, na ifomati ndani ya kamera, si kwenye kompyuta. Betri ya awali itakuwa imechoka, hilo lihesabu kwenye bei. Hakikisha chaja ipo na ni yake. Kwa 550D, 600D, 650D na 700D betri ni LP-E8, na za kampuni nyingine zinapatikana bado.

Vijana wengi siku hizi hawazitaki kabisa kamera hizi kubwa. Wanasaka zile ndogo za mfukoni za miaka ya 2000, IXUS, Cyber-shot, Coolpix, kwa ajili ya ile picha ya fleshi kali usoni na nyuma giza. Siwalaumu, picha hizo zina uchangamfu wake. Ila hadithi kwamba kihisi cha aina ya CCD kina rangi za ajabu imetiwa chumvi: rangi unazozipenda zinatokana zaidi na namna kampuni ilivyoipanga kamera kuchakata picha, pamoja na fleshi yenyewe. Hadithi hiyo imepandisha bei, na wewe usiilipie. Cha kuogopa ni viwili. Baadhi ya Olympus na Fujifilm zinatumia kadi ya xD, aina iliyoanzishwa mwaka 2002 na kuachwa. Kamera inaweza kuwa bei ya chini na kadi yake ikakutoa jasho. Na mwaka 2005 ilibainika kwamba vihisi vingi vya CCD vilivyotengenezwa na Sony, vilivyokuwa ndani ya kamera za kampuni mbalimbali za miaka ya 2002 hadi 2004, vinakatika nyaya za ndani, hasa kwenye joto na unyevu. Joto na unyevu ni Dar na Mombasa hizo. Kamera yenye ugonjwa huo inatoa picha ya zambarau, yenye mistari, au nyeusi tupu. Ipige papo hapo dukani, ndani na nje.

Umeshanunua. Sasa jifunze jua la kwetu, kwa sababu vitabu vingi vya upigaji picha vimeandikwa na watu ambao jua lao halipandi hadi utosini. Dar es Salaam jua linapita juu kabisa ya kichwa mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena Oktoba. Hata miezi mingine, kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri, mwanga unashuka wima, paji la uso linang'aa na macho yanazama kwenye weusi. Mwanga mtamu upo kuanzia kunapopambazuka hadi saa mbili asubuhi, na tena kuanzia saa kumi na moja jioni. Hauchelewi kuisha: karibu na ikweta jua likizama giza linaingia haraka, kwa hiyo fika mapema na ujue unachotaka.

Wenye kazi za ofisini watasema saa hizo wako kwenye daladala. Sawa, basi tumia kivuli. Chukulia mzee anayetoka kuswali Idi, saa tatu asubuhi, kanzu nyeupe, kofia ya kutarizi, uso mweusi. Juani kamera yako itaona weupe umetawala, itapunguza mwanga ili kanzu iwe kijivu, na uso wa mzee utapotea. Utaambiwa ongeza mwanga kwa kile kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa. Ukiongeza, uso unarudi na nakshi za kofia zinafutika, kwa kuwa vihisi vya zamani vikishajaa weupe havina cha kuokoa. Kamera ya miaka hiyo haina uwezo wa kubeba vyote viwili juani. Mwamkie, mwombe asogee barazani, hatua moja ndani ya kivuli, uso wake ukitazama nje kwenye uwazi, na nyuma yake pawe na mlango au ukuta usio na jua. Tofauti kati ya kanzu na uso inapungua papo hapo. Hapo ndipo uongeze theluthi mbili au hatua nzima, na kila kitu kinaonekana: nyuzi za kofia, ndevu, macho. Ukuta mweupe ukiwa mkabala, kama ilivyo kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe, ni taa ya bure. Mchanga nao unarudisha mwanga kwa chini.

Skrini za kamera hizo ni ndogo na zinadanganya, hasa juani. Usiziamini kwa kupima mwanga. Tazama histogramu, ule mchoro wa milima, na mlima ukigonga ukuta wa kulia ujue weupe umepotea. Ukiweza, rekodi faili ghafi la RAW badala ya JPEG. Rangi ya njano ya taa za ndani utaisahihisha baadaye, na kwa kompyuta kuna darktable na RawTherapee, zote za bure. Kuhusu ISO, usiogope 800. Ikifika 1600 chembechembe zitaonekana, ila picha yenye chembe na yenye tukio ni bora kuliko picha safi ya mtu aliyetikisika.

Kwa mwezi wa kwanza acha zumu nyumbani. Lenzi moja itakulazimisha kutembea, kusogea, kuchuchumaa, na baada ya wiki chache utaanza kujua picha itakuwaje kabla hujainua kamera. Chagua mahali pamoja karibu na kwako, pawe kijiwe cha bao, gereji, genge la samaki au saluni, na uende mara kwa mara hadi wakuzoee. Ukifika, shikamoo kwanza, kamera baadaye. "Naomba nikupige picha" ni sentensi fupi, na akikataa umshukuru upite. Wanawake na watoto usiwapige kwa kuvizia. Kambi za jeshi, vituo vya polisi, bandari, viwanja vya ndege na ikulu, kamera ibaki begani. Askari hatajali kwamba ni ya mtumba.

Kuhusu kuitunza, kabati la nguo ndilo mahali pabaya kuliko yote: giza, joto, unyevu na hewa isiyotembea, fangasi haitaki zaidi. Mfuko wa ngozi nao unashika unyevu. Nunua kontena la plastiki lenye mfuniko wa mpira, lile la kuwekea chakula, uweke humo kamera na lenzi pamoja na vifuko vya silika. Silika ya rangi ya chungwa ikigeuka kijani imeshiba maji. Ipashe moto polepole hadi irudi rangi yake. Mchele hapana, vumbi lake linaingia kwenye pete za lenzi. Ukitoka chumba chenye kiyoyozi kwenda nje, iache kamera ndani ya begi robo saa ipate joto, la sivyo kioo kitatoka jasho hadi ndani. Na iliyo bora kuliko zote: itumie. Lenzi inayotoka juani kila wiki haishikwi na fangasi kirahisi.

Picha zenyewe zichapishe. Mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mjini Zanzibar, na leo tunazijua sura na mitaa ya Unguja ya miongo iliyofuata kwa sababu kulikuwa na negativu na karatasi za kuhifadhi. Za kwetu ziko ndani ya simu zinazoibwa na kadi zinazoungua. Weka nakala kwenye diski ya nje, halafu kila mwezi peleka chache studio zitolewe saizi ya postikadi, na mrudishie kila uliyempiga ya kwake. Yule mzee wa kanzu akiipata yake, Idi ijayo hutahitaji kumwomba.

Na wewe ambaye kamera yako imelala kabatini tangu ulipohamia kwenye simu: itoe leo, ichaji uone kama inawaka. Kama hutaitumia tena, muuzie au mpe kijana wa mtaani kwako anayeitaka, pamoja na lenzi yake na chaja yake.